Nakala ya Pili Iko Wapi?

Mtoa huduma za wingu ni kampuni inayonunua kompyuta kwa maelfu, kuzipanga chini ya paa moja, kuzipatia umeme na ubaridi usiku na mchana, kisha kuukodisha uwezo wake kwa watu wasiojuana, kila mmoja akilipia kiasi alichotumia. Jengo lenye kompyuta hizo huitwa kituo cha data, na kompyuta zenyewe, ambazo hazina kioo wala kibodi kwa kuwa hakuna mtu anayekaa mbele yake, huitwa seva. Picha iliyopigwa kwa simu mjini Morogoro, hesabu za benki za mwisho wa mwezi, orodha ya wanafunzi wa chuo kikuu na majalada ya wagonjwa wa hospitali, vyote hivyo leo huweza kuwa vimehifadhiwa katika jengo ambalo mwenyewe hajawahi kuliona, katika nchi ambayo pengine hata hawezi kuitaja. Mazungumzo haya yanalichunguza jengo hilo, kwa sababu mjadala wa huduma za wingu katika Afrika Mashariki umeelemea mno upande wa kuuliza kama data zikae ndani ya nchi au nje, ilhali matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba lipo swali jingine linalopaswa kutangulia, nalo ni kujua nakala ya pili ya data hizo imewekwa wapi, na ni nani anayeweza kuifikia siku ya maafa.

Wazo la kukodisha uwezo wa kompyuta ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1961, katika maadhimisho ya miaka 100 ya chuo cha MIT nchini Marekani, mwanasayansi John McCarthy alieleza kwamba ipo siku nguvu ya kompyuta ingeweza kuuzwa kwa umma kama huduma ya simu inavyouzwa. Enzi hizo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na watu wengi waligawana muda wake, hivyo wazo hilo lilikuwa na mantiki. Lakini kompyuta zilipopungua umbo na bei, kila ofisi ilianza kununua seva yake na kuiweka katika chumba kilichokuwa stoo, pamoja na kiyoyozi kimoja na fundi mmoja ambaye akiwa likizo hakuna anayejua nywila. Utaratibu huo una hasara mbili zinazojulikana na kila mhasibu. Seva inayonunuliwa kwa kukisia wingi wa watu siku ya kutangazwa matokeo ya mitihani hukaa bila kazi ya maana karibu mwaka mzima, na siku hiyo inapofika, mara nyingi huelemewa vilevile.

Kampuni ya Amazon, iliyokuwa ikijulikana kwa kuuza vitabu na bidhaa, ndiyo iliyoufanya ukodishaji huo uwe biashara ya kila mtu. Machi 2006 ilifungua huduma ya kuhifadhi data iitwayo S3, kwa senti 15 za dola kwa kila gigabaiti moja kwa mwezi, na Agosti mwaka huohuo ikafungua huduma ya kukodisha kompyuta iitwayo EC2, kwa senti 10 kwa saa. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba EC2 ilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini, na kikundi kilichoongozwa na mhandisi Chris Pinkham, raia wa nchi hiyo aliyetaka kurudi kwao na akaruhusiwa kwenda na kazi yake. Hata hivyo, vituo vya data vya Amazon vyenyewe vilifunguliwa Cape Town Aprili 2020, yaani karibu miaka 14 baadaye, na Microsoft ilikuwa imeshatangulia kwa kufungua vyake Johannesburg na Cape Town Machi 2019. Ujuzi ulitoka Afrika mapema. Majengo yalikuja baada ya soko kukua.

Kinachomwezesha mwenye jengo kupangisha kompyuta moja kwa wateja wengi ni programu inayoigawa seva moja katika sehemu kadhaa, kila sehemu ikijiendesha kana kwamba ni kompyuta kamili. Sehemu hiyo huitwa mashine pepe: ina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake endeshi, lakini haina chuma chake peke yake. Mteja aliye Dodoma huweza kuiwasha kwa dakika moja, akaitumia kwa saa tatu, akaizima na kulipia saa hizo tatu, wakati jirani yake katika seva ileile ni kampuni ya Brazili ambayo hatakaa aijue. Faida ya mtoa huduma inatokana na hesabu hiyo, kwa kuwa wateja wengi hawahitaji nguvu nyingi kwa wakati mmoja, na chuma ambacho kingelala kwa mmoja humfanyia kazi mwingine. Uhusiano wenyewe ni wa mwenye nyumba na mpangaji, na kama ilivyo katika nyumba za kupanga, ugomvi mwingi huanza pale inapobainika kwamba kila upande uliamini kuwa jukumu fulani ni la mwenzake.

Anayeruhusiwa kuingia katika kituo kikubwa cha data hukutana na milango kabla ya kukutana na kompyuta. Hupita uzio, mlinzi, kadi na alama ya kidole, kisha chumba chembamba ambacho mlango wake wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Baada ya hapo huona makabati ya chuma yaliyosimama kwa safu ndefu, kila kabati likiwa na seva zilizolazwa moja juu ya nyingine, na safu hizo hupangwa zikitazamana uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, ili ujia mmoja uwe wa hewa baridi inayovutwa na feni za seva, na ujia unaofuata uwe wa hewa ya moto inayotemwa nyuma yake. Kelele za feni hizo ni kali kiasi kwamba mafundi wengi huziba masikio, na katika ujia wa moto mtu hutokwa jasho ilhali aliye upande wa pili wa kabati anahitaji sweta. Karibu umeme wote unaoingia katika seva hugeuka joto, ndiyo sababu shughuli kubwa ya jengo, baada ya kuleta umeme, ni kuliondoa joto lililoletwa na umeme huo.

Njia ya umeme nayo ina mpangilio wake. Umeme wa gridi hupita kwanza katika mitambo yenye betri, ambazo kazi yake ni kushika mzigo kwa dakika chache tu gridi inapokatika, mpaka jenereta za dizeli zilizo nje ya jengo ziwake na kupokea. Taasisi ya kimataifa iitwayo Uptime Institute huvipanga vituo katika ngazi nne, kuanzia kile chenye njia moja ya umeme na ubaridi mpaka kile ambacho kifaa chochote kikiharibika huduma haitetereki. Zamani betri hizo zilikuwa za risasi na asidi, kama zile za magari, lakini siku hizi vituo vingi vimehamia betri za lithiamu kwa kuwa ni ndogo, nyepesi na hudumu zaidi. Ubaya wake ni kwamba zikishika moto ni vigumu sana kuzizima, na jambo hilo litarejewa hapa chini kwa sababu limeshaigharimu serikali moja.

Watoa huduma wakubwa hawategemei jengo moja. Huigawa dunia katika kanda, na kila kanda huwa na maeneo kadhaa yanayojitegemea, kila eneo likiwa na majengo yake, umeme wake na ubaridi wake, na maeneo hayo huachana kwa kilomita kadhaa lakini huunganishwa kwa nyaya za nyuzi za kioo. Kanda iliyo kongwe na yenye msongamano kuliko zote za Amazon iko kaskazini mwa jimbo la Virginia, Marekani, na sehemu kubwa ya vituo vya huko vimejaa katika wilaya ya Loudoun, hasa mji wa Ashburn ulio karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Hakuna maajabu katika eneo hilo zaidi ya historia: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mojawapo ya sehemu za kwanza ambapo mitandao mbalimbali iliunganika na kubadilishana mawasiliano ilikuwa huko, kampuni ya AOL ikaweka makao yake jirani, nyaya zikaongezeka, ardhi ilikuwepo, umeme ulikuwa nafuu na serikali ya jimbo ikatoa msamaha wa kodi. Kila aliyefika alimvuta mwingine, kwa sababu data hupenda kukaa karibu na data nyingine.

Msongamano huo una bei yake, na bei hiyo imelipwa hadharani mara kadhaa. Tarehe 28 Februari 2017, mtaalamu mmoja wa Amazon aliyekuwa akitafuta sababu ya mfumo wa ankara kwenda polepole aliandika amri ya kuondoa seva chache katika huduma ya S3 huko Virginia, akakosea sehemu moja ya amri hiyo, na seva zilizoondolewa zikawa nyingi mno, zikiwemo zile zinazotunza orodha ya mahali kila kitu kilipohifadhiwa. Kwa takriban saa nne tovuti na programu nyingi duniani zilisimama, na ukurasa wa Amazon wenyewe uliopaswa kutangaza hali ya huduma haukuweza kubadilishwa kwa kuwa nao ulitegemea S3. Mganga alikuwa amelazwa wodi moja na mgonjwa. Tarehe 20 Oktoba 2025 kanda hiyohiyo ilianguka tena kwa sababu tofauti. Safari hii mitambo miwili ya kujiendesha, inayosasisha majina ya anwani za hifadhidata iitwayo DynamoDB, ilipishana vibaya, mmoja ukafuta kilichoandikwa na mwingine, na jina la huduma likabaki halina anwani yoyote, kwa hiyo programu zilizoitafuta hazikujua ziende wapi. Walioathirika si Wamarekani tu, kwani huduma nyingi zinazotumika mabara mengine zina kiungo fulani kinachopitia Virginia, mara nyingine bila wenyewe kukumbuka kwamba kipo.

Katika matukio hayo mawili data zilisalia salama, na kilichopotea ni saa za kazi, fedha na subira ya wateja. Tukio la Strasbourg, Ufaransa, ni la aina nyingine na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, muda mfupi baada ya saa sita, moto ulizuka katika jengo lililoitwa SBG2, mali ya kampuni ya Kifaransa ya OVHcloud, lililokuwa bandarini kando ya mto Rhine. Lilikuwa jengo la ghorofa tano lililojengwa ili hewa ya nje ipite na kupanda juu yenyewe, ikipoza seva bila viyoyozi vya gharama kubwa. Usanifu huo ulipunguza ankara ya umeme, lakini njia inayopitisha hewa kwa wepesi huweza kupitisha moto kwa wepesi uleule. Taarifa za zimamoto zilizotolewa baadaye zilieleza kwamba jengo halikuwa na mtambo wa kuzima moto wenyewe, kwamba ndani yake kulikuwa na sehemu za mbao, na kwamba kukata umeme wote kulichukua muda mrefu kwa kuwa hapakuwa na swichi moja ya jumla, na hilo lilieleweka kirahisi: mitambo ya akiba iliyowekwa ili umeme usikatike kamwe ilifanya kazi yake hata pale ambapo askari walitaka ukatike. Boti ya zimamoto ililetwa kuvuta maji ya mto. Hakuna mtu aliyejeruhiwa, lakini asubuhi SBG2 lilikuwa limeteketea lote, na sehemu ya jengo la jirani, SBG1, ilikuwa imeungua pia.

Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwatangazia wateja usiku uleule kwamba wawashe mipango yao ya kujinusuru na maafa. Kampuni ya utafiti wa mtandao ya Netcraft ilihesabu tovuti milioni 3.6 zilizozimika. Kilichofuata ndicho kiini cha mazungumzo haya, kwa maana wateja waligawanyika mara moja katika makundi mawili ambayo hayakutofautiana kwa ukubwa wa kampuni wala kwa fedha. Waliokuwa na nakala katika mji mwingine walihangaika siku chache, wakarudi kazini. Wasiokuwa nayo waligundua kwamba mkataba wa kawaida ulikuwa umewapangishia seva tu na haukuahidi kutunza nakala, na baadhi ya waliokuwa wamelipia huduma ya nakala waligundua jambo chungu zaidi, kwamba nakala hiyo ilikuwa katika jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru kampuni imlipe fidia mmoja wa wateja hao, kwa kuwa mkataba wake ulizungumzia nakala iliyotengwa mahali pengine, ilhali nakala ilikuwa imehifadhiwa pamoja na data za asili. Fidia ililipwa kwa fedha; data hazikurudi.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ndiyo hatari ya kuwaachia wageni mali ya nchi, na kwamba serikali ikijenga kituo chake, katika ardhi yake, chini ya sheria zake, tatizo limekwisha. Jibu la hoja hiyo limetoka Korea Kusini, nchi ambayo haina upungufu wa wahandisi wala wa fedha. Jioni ya tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha data cha serikali kilichoko mji wa Daejeon, mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu kutoka katika chumba chenye seva, ili zikae mbali na mitambo kwa ajili ya usalama, na katika kazi hiyohiyo ya usalama betri zikashika moto. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilizimwa, ikiwemo ya posta na ya vitambulisho. Mingi ilirejeshwa hatua kwa hatua, isipokuwa hifadhi moja iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wameelekezwa kuweka nyaraka zao za kazi badala ya kuziacha kwenye kompyuta za ofisini. Hifadhi hiyo ilikuwa na terabaiti 858, na haikuwa na nakala nje ya jengo, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa kwa utaratibu uliokuwepo. Watumishi waliotii maelekezo kwa ukamilifu ndio waliopoteza zaidi. Jengo lilikuwa la nchi, sheria ilikuwa ya nchi, mafundi walikuwa wa nchi, na kazi ya miaka imepotea.

Kwa hiyo suala la data kukaa nyumbani lazima litenganishwe na suala la usalama wake, ingawa yote mawili ni halali. Kuwa na data nchini humpa mwenye nchi mamlaka: mahakama yake inaweza kuamuru, mkaguzi wake anaweza kugonga mlango, na sheria ya taifa jingine haiwezi kuingia kirahisi, jambo lisilo dogo tangu Marekani ipitishe mwaka 2018 sheria inayoziruhusu mamlaka zake kuzidai kampuni za huko data zilizo chini ya udhibiti wa kampuni hizo hata kama seva ziko ng'ambo. Afrika Mashariki ina historia yake katika hilo. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa Kenya Machi 2007, iliendeshwa kwa miaka yake ya mwanzo na mitambo iliyokuwa Ujerumani, na ni Aprili 2015 ndipo mitambo hiyo ilipohamishiwa Kenya. Maana yake ni kwamba kwa miaka minane mtu aliyemtumia jirani yake shilingi mia mbili katika soko la Kisumu alikuwa akituma ujumbe uliokwenda Ulaya na kurudi kabla ya mchuuzi kukabidhi bidhaa. Mwaka 2017 mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, RURA, iliitoza kampuni ya simu ya MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuendeshea mifumo yake nje ya nchi, katika kituo kilichokuwa Uganda, kinyume cha masharti ya leseni. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; zote mbili hazikatazi moja kwa moja data kwenda nje, bali huweka masharti ya safari hiyo.

Umbali nao una hoja zake zisizohusu siasa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo swali na jibu haviwezi kwenda na kurudi chini ya sekunde 0.12 hata kama nyaya zingenyooka, na kwa kuwa nyaya huzunguka, muda halisi ni mrefu zaidi. Kwa barua pepe tofauti hiyo haina maana. Kwa programu inayouliza hifadhidata mara hamsini kabla ya kuonyesha ukurasa mmoja, karani huiona kama uzito usioelezeka wa mtandao, na lawama humwangukia mtoa huduma wa intaneti wa mtaani ambaye hana kosa.

Njia yenyewe ya baharini haiaminiki kama ramani za matangazo zinavyoonyesha. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikatika pamoja karibu na pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi wakajikuta na intaneti inayosuasua au isiyokuwepo kabisa. Mikongo hiyo ina wamiliki tofauti na inauzwa kama njia mbadala, moja ikiwa akiba ya nyingine, lakini katika sehemu hiyo ya bahari ilipita jirani. Ni kosa lilelile la Strasbourg katika sura ya maji: akiba iliyowekwa kando ya kile inachokilinda. Siku hizo taasisi iliyokuwa na data zake salama kabisa Cape Town, zisizoguswa na moto wala mdukuzi, haikuweza kumhudumia mteja aliyesimama mbele ya dirisha lake Mwanza.

Hayo yote huongeza hamu ya kujenga vituo vikubwa katika ukanda huu, na hapo ndipo umeme unapodai nafasi yake katika mjadala. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya, ukiwemo mradi wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi, kuanzia megawati 100 na kulenga kufikia megawati 1,000 siku za usoni. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalipita megawati 2,300, na Bwawa la Julius Nyerere, fahari ya Tanzania, lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo lengo la mwisho la mradi mmoja lingemeza kiasi kinachokaribia nusu ya nchi au ya bwawa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilitumia saa-terawati 415 za umeme mwaka 2024, yaani takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na kwamba kiasi hicho huenda kikazidi maradufu kufikia 2030, hasa kwa sababu ya akili mnemba. Wastani wa dunia hufariji, lakini vituo havikai katika wastani. Ireland, iliyovikaribisha kwa mikono miwili, ilikuta mwaka 2023 kwamba vimetumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita, kupita asilimia 18 ya nyumba zote za mijini. Maji nayo huja na ubishi wake: huko The Dalles, mji mdogo wa jimbo la Oregon ambako Google ina vituo kando ya mto Columbia, halmashauri ilikwenda mahakamani kuzuia gazeti lisipewe takwimu za matumizi ya maji ya kampuni hiyo, na takwimu zilipotolewa mwishoni mwa 2022 zilionyesha kwamba vituo hivyo vilikuwa vikitumia zaidi ya robo ya maji ya mji. Serikali inayoalika vituo vya namna hiyo inapaswa kudai takwimu hizo kabla ya kukata utepe.

Inabaki kutaja tukio moja ambalo lilimalizika vizuri, na ambalo kwa maoni ya mazungumzo haya lina mafunzo mengi kuliko yote yaliyotangulia. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza mifumo yake iliyokuwa katika wingu la Google. Kisehemu kimoja cha maelekezo ya kuandaa huduma hiyo kilikuwa kimeachwa wazi, mfumo ukakijaza wenyewe kwa muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukaifuta huduma hiyo bila kumwonya mtu. UniSuper ilikuwa na nakala katika sehemu mbili za kijiografia, kama wataalamu wanavyoshauri, lakini zote mbili zilikuwa chini ya usajili mmoja, na amri moja ilizifuta zote. Kilichosaidia kuuokoa mfuko huo ni kwamba kulikuwa na nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti kabisa, ambaye amri ya Google haikumfikia, na baada ya takriban wiki moja ya kazi wanachama waliweza tena kuona akiba zao. Mhasibu aliyekuwa akitazama ankara tu angeweza kuikata nakala hiyo kwa hoja kwamba ni gharama inayojirudia, na kwa karatasi angekuwa sahihi.

Wakuu wa taasisi, wakurugenzi wa halmashauri, wenye hospitali na shule, na wote wanaotia saini mikataba ya huduma za wingu, wanaombwa wasiridhike na sentensi isemayo kwamba data zitahifadhiwa kwa usalama, bali waitake mikataba iandike mji ilipo nakala ya pili, kampuni inayoishika, njia ya mawasiliano inayofika huko pasipo kutegemea ile ya kwanza, na jina la cheo cha mtumishi mwenye ruhusa ya kuifungua. Kisha, angalau mara moja kwa mwaka na mbele ya mkaguzi, waagize mfumo mmoja muhimu urejeshwe kutoka katika nakala hiyo kana kwamba jengo la kwanza limeungua, na wapime imechukua saa ngapi.